Sanduku la santuri za mzee: uanze na ipi kati ya hizi nne?

Sanduku la santuri za roki ya Uingereza ya miaka ya 1970 likishafunguliwa, mambo huenda kwa mtindo uleule. Kwanza majalada yanashangiliwa, maana yamechorwa yakachoreka. Kisha mtu anachagua moja kwa uzuri wa jalada na kuiweka kwenye mashine. Dakika ya kwanza inapita kwa milio ya ndege na maji, ya tatu inafika bado hakuna aliyeimba, na kufika ya nane anatafuta pa kushika hapaoni. Santuri inarudi sandukuni, sanduku linarudi juu ya kabati, na mzee aliyezinunua anabaki na sifa ya kupenda vitu vya ajabu.

Mara nyingi kilichoharibika hapo ni mpangilio tu: ameanza na ambayo ilifaa iwe ya tatu.

Nne zinazolinganishwa hapa hupatikana kwa urahisi katika masanduku ya aina hiyo: In the Court of the Crimson King ya King Crimson (1969), Close to the Edge ya Yes (1972), The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973) na Selling England by the Pound ya Genesis (1973 pia). Nitaziita Crimson, Yes, Floyd na Genesis ili tusichoshane. Zote zilirekodiwa London, na vijana waliochukua gita la umeme, besi na dramu za roki, wakaongeza vinanda vya kila namna, filimbi na saksafoni, kisha wakakataa kufungwa na wimbo wa dakika 3. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa roki ya progresivu.

Msikilizaji wa Kiswahili anaziendea na faida moja: urefu haumtishi. Aliyezoea taarabu anajua wimbo kula robo saa nzima, na bashrafu kutangulia bila mtu kufungua kinywa. Aliyekulia na santuri ndogo za dansi anakumbuka wimbo uliokatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Kinachomsumbua ni kingine: ile sehemu ya chemko haiji pale anapoitarajia. Magita yanafunguka, unajiandaa kunyanyuka, mara yanafunga na filimbi inaingia peke yake. Ukilijua hilo mapema, nusu ya ugumu imekwisha.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano: muda wa kukaa kila upande unaoudai, mlango wa kuingilia, yaani ni wapi sikio geni linapata pa kushika, sauti na hali ya santuri kuukuu, pamoja na mahali pa kuipimia, maneno, na jalada na vinavyopaswa kuwemo ndani. Bei ya kuuza nimeiacha nje. Hiyo inategemea toleo na hali ya kila nakala, na anayetaka kuuza ana maswali tofauti na anayetaka kusikiliza.

Kwanza mashine, usije ukalinganisha hitilafu

Zote nne ni santuri za inchi 12, za mizunguko 33 na theluthi kwa dakika. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ina mtego wake. Umeme wa kule ni volti 120, hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde. Wa Tanzania na Kenya ni volti 230 hadi 240, hezi 50. Watu hununua transfoma ya kushusha volti wakadhani wamemaliza kazi. Transfoma haigusi hezi, na mota za mashine nyingi za zamani zinafuata hezi. Mota ya 60 ikipewa 50, sahani inazunguka karibu mara 28 kwa dakika badala ya 33. Waimbaji wote wanakuwa na sauti nzito kama wametoka usingizini, na Floyd yenye dakika 43 inakuchukua zaidi ya dakika 51.

Kupima ni rahisi: bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, shika saa, hesabu mizunguko ya dakika moja. Ukipata 33 na kidogo, uko sawa. Ukipata 28, baadhi ya mashine zina puli ya kubadilisha kwa ajili ya hezi 50. Kama yako haina, tafuta mashine ya mota ya DC, ambayo haijali hezi.

Amplifaya nayo iwe na tundu maalumu la mashine ya santuri, isipokuwa kama mashine yenyewe ina kikuza sauti ndani. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida utapata sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi, na utasema bure kwamba mpiga besi wa Yes hakufanya kitu. Uzito wa sindano ufuate maagizo ya mtengenezaji wake. Kwa sindano nyingi za sasa ni gramu 1.5 hadi 2. Kubandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke kunaponya siku moja na kukwangua santuri maisha.

Santuri iliyokaa miaka juu ya kabati ioshwe kabla ya kuhukumiwa: maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko, usikate mistari, wala usilowanishe karatasi ya katikati. Suuza kwa maji yaliyotengenezwa kwa mvuke. Yale ya kuongezea betri za magari yanafaa. Angalia tu usije ukapewa asidi. Kisha iache ikauke ikiwa imesimama.

Muda wa kukaa

Yes ndiyo fupi kuliko zote, kama dakika 38, na ndiyo inayodai utulivu mwingi kuliko zote. Upande wa kwanza ni wimbo mmoja wa karibu dakika 19 usio na pa kupumzikia. Upande wa pili una nyimbo mbili, And You and I ya dakika 10 na Siberian Khatru ya dakika 9.

Floyd ina dakika 43, vipande 10, na kila upande umeshonwa: wimbo mmoja unamwagikia mwingine. Unaweza kuingia na kutoka jikoni ukaukuta bado unaeleweka. Crimson ina kama dakika 44 na nyimbo 5 tu, tatu upande wa kwanza, mbili wa pili.

Genesis ni ndefu kwa kipimo cha santuri moja: dakika 53 na zaidi, upande wa kwanza 25, wa pili zaidi ya 28. Ukiikalia uwe umekula. Urefu huo una gharama yake kwenye sauti pia, tutakuja huko.

Mlango wa kuingilia

Floyd ina mlango mpana kuliko wenzake. Inaanza kwa mapigo ya moyo, kisha sauti za watu, saa na mashine ya kuhesabia fedha zinarundikana mpaka zinapasuka na kuwa wimbo wa polepole, wenye beti na sauti ya kubembeleza. Karibu albamu yote inakwenda kwa mapigo manne yale unayoyajua. Pale inapotoka nje ya mapigo hayo, inakufundisha bila kukuaibisha. Chukua Money, mwanzo wa upande wa pili. Sarafu na mashine ya fedha zinalia kwa mzunguko. Hesabu pamoja nazo utafika saba, si nane. Besi inaingia kwa saba, mwimbaji anaimba kwa saba, Dick Parry anapuliza saksafoni kwa saba. Gita la David Gilmour linapochukua zamu, dramu zinahamia kwenye nne, na mwili unahisi kama gari limetoka kwenye mashimo kuingia lami. Kisha saba inarudi. Mtu akishaisikia tofauti hiyo mara moja, hizi nyingine tatu hazitamtisha kwa mapigo.

Upande wa kwanza unafungwa na The Great Gig in the Sky, ambamo Clare Torry anaimba bila neno hata moja. Alilipwa pauni 30 kwa kazi hiyo. Baadaye alidai haki ya utunzi, na tangu mapatano ya 2005 jina lake limeandikwa pamoja na la mpiga kinanda Richard Wright. Kwa asiyejua Kiingereza kabisa, hapa ndipo pa kumkaribishia.

Crimson haina mlango, ina ukuta. 21st Century Schizoid Man inaanza kwa kelele ndogo kama upepo kwa mbali, halafu gita na saksafoni vinagonga kwa pamoja kwa nguvu inayomshtua hata aliyeonywa. Katikati wote wanakimbia wimbo mmoja kwa kasi, wanakata pamoja, wanaanza pamoja, na hakuna anayekanyaga mguu wa mwenzake. Wanaopenda vyombo wataelewa papo hapo. Kisha inakuja I Talk to the Wind, filimbi na sauti laini, kama bendi nyingine kabisa. Nyimbo hizo mbili za mwanzo ni kipimo kizuri: zinakuonyesha pembe zote mbili za aina hii ya muziki ndani ya dakika 14. Epitaph inayofuata ndiyo somo bora la melotroni, kinanda ambacho kila kitufe kinavuta utepe uliorekodiwa fidla halisi. Utepe una sekunde 8 hivi, ukiisha hauna budi kuachiwa urudi mwanzo, ndiyo maana zile fidla zinasikika kama zinavuta pumzi.

Kizuizi cha Crimson ni Moonchild, mwanzo wa upande wa pili. Dakika mbili na nusu za kwanza ni wimbo mzuri. Dakika karibu 10 zinazobaki ni wanamuziki wakigusagusa vyombo kwa sauti ya chini sana, bila mdundo. Wapo wanaoipenda. Kwa siku ya kwanza, nyanyua sindano uimbaji ukiisha, uishushe kwenye utepe mweusi laini unaotangulia wimbo wa mwisho, hakuna atakayekukamata.

Yes inaanzwa vibaya kuliko zote kwa sababu watu wanaianza mwanzo. Baada ya ndege na maji, bendi inaingia kila mtu akionekana kupiga wimbo wake, na maneno ya kwanza yanakuja karibu dakika ya 4. Anza upande wa pili. And You and I inafungua kwa gita kavu la Steve Howe, linagusa nyuzi kama anayejaribu kama ziko sawa, na sauti ya juu ya Jon Anderson inaingia juu ya kitu kinachoshikika. Siberian Khatru ina kigita cha kurudiarudia ambacho mpenzi wa rumba atakidaka mara moja, na besi ya Chris Squire iko mbele, kali, inaongoza badala ya kufuata. Ukishawazoea watu hawa watano kwa dakika 19 hizo, geuza. Upande wa kwanza umegawanyika sehemu nne, na ya tatu ndiyo ngazi ya kupumzikia: kila kitu kinanyamaza, sauti zinajibizana taratibu, mpaka Rick Wakeman anaingia na kinanda cha kanisani. Albamu hii ilirekodiwa vipandevipande na kuungwa kwa kukata utepe. Ukisikia mlango umefungwa ghafla na mwingine kufunguka, si santuri imeruka.

Genesis inaanza na Peter Gabriel akiimba peke yake, hakuna chombo hata kimoja. Ni mwanzo wa msimulizi, na albamu nzima ni ya wasimulizi. Pa kushika ni pawili. I Know What I Like, wimbo wa pili, una kiitikio cha kuimbika na ulifika nambari 21 kwenye chati ya Uingereza. Firth of Fifth, wa tatu, unaanza na piano tupu ya Tony Banks kwa dakika nzima. Baadaye filimbi inapiga wimbo mfupi wa huzuni, karibu unausahau, halafu Steve Hackett anauchukua wimbo uleule kwa gita la umeme, polepole, kila noti ikivutwa mpaka mwisho wa pumzi yake. Sikiliza filimbi kwa makini ili uutambue wimbo huo ukirudi na gita. Pagumu ni The Battle of Epping Forest, mwanzo wa upande wa pili, dakika karibu 12 za vita vya magenge ya London, maneno yamejaa kama daladala saa kumi na moja jioni. Kwa masikio yangu hapo walizidisha.

Kuna uzi mmoja kutoka hapa hadi kwetu. Gabriel alitoka Genesis mwaka 1975. Mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia nzima, na ngoma za Burundi zilipigwa kwenye lile la kwanza. Tamasha lilimwacha na madeni, na Genesis wakakutana naye tena kwa onyesho moja, Oktoba mwaka huohuo, kumsaidia kuyalipa. Lebo yake ya Real World ndiyo iliyokuja kutoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila mwaka 1989, na baadaye kazi za Hukwe Zawose. Kama sanduku la mzee lina Genesis na Remmy, usishangae vimekaaje pamoja.

Sauti, na pa kupimia nakala kuukuu

Kila moja ina mahali pake pa kusema ukweli kuhusu hali ya santuri.

Kwa Crimson ni hapohapo Moonchild. Sehemu ile ya kunong'ona haina pa kuficha kitu. Ikiwa unasikia chechevu za vumbi kuliko vyombo, ioshe, ujaribu tena. Zikibaki palepale kila mzunguko, hiyo ni mikwaruzo, haioshwi. Usiilaumu sindano kwa sauti ya mwimbaji Greg Lake katika wimbo wa kwanza: imekwaruzwa makusudi studioni. Na mwisho wa upande wa pili una hila. Wimbo unafika kileleni, unakata kimya, unadhani umeisha. Subiri. Kinanda kidogo cha kitoto kinapiga peke yake, kisha bendi nzima inarudi. Wengi huwa wameshanyanyua sindano. Ujue pia kwamba kanda asili za albamu hii zilipotea kwa miaka mingi, zikapatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Matoleo ya katikati yalitengenezwa kwa nakala za nakala. Nakala ya zamani sana au mpya sana inaweza kusikika safi kuliko ya miaka ya 1980.

Floyd ipimwe kwa mapigo ya moyo ya mwanzo na ya mwisho, yanayotoka kimya na kurudi kimya. Ilirekodiwa studio za Abbey Road, Alan Parsons akiwa fundi mitambo, na katika hizi nne ndiyo inayosikika vizuri hata kwenye spika za kawaida. Tahadhari ni moja: usipandishe sauti mwanzoni kwa kuwa moyo hausikiki, kwani saa za ukutani zinazofungua wimbo wa Time zinalia zote kwa mpigo na zitaamsha mtoto wa jirani.

Kosa hilohilo linafanyika kwa Yes, pale kwenye ndege na maji: sauti inapanda taratibu kwa karibu dakika nzima, mtu anadhani ni hafifu, anaongeza, bendi inaingia anaruka kiti. Tatizo lake jingine ni kile kinanda cha kanisani. Noti zake za chini zinatikisa meza. Mashine ikiwa kwenye rafu moja na spika, mtikisiko unapanda kwenye sindano, unakuzwa, unarudi kwenye spika, na unasikia mngurumo unaoongezeka wenyewe. Tenganisha vitu hivyo, weka mashine juu ya kitu kizito, kipande cha jiwe la kaunta kinatosha.

Genesis ndiyo inayoonea sindano. Kubana dakika 28 upande mmoja kunalazimisha mistari iwe myembamba na sauti ichongwe chini, na kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo mistari inavyokunjana. Bahati mbaya huko ndiko iliko The Cinema Show, ambayo nusu yake ya pili, kinanda cha Banks juu ya mapigo saba ya dramu za Phil Collins, ni sehemu tamu kuliko zote upande huo. Ikisikika inakaanga, yaani «s» zinachemka na matoazi yanageuka mchanga, safisha sindano kwanza kwa brashi yake, kutoka nyuma kuja mbele. Ikiendelea, ama sindano imekwisha ama kichwa hakijakaa sawa. Jaribu sindano nzuri kabla ya kuihukumu santuri. Ukimaliza Genesis, punguza sauti kabla ya kuweka nyingine; utakuwa umeipandisha bila kujua.

Maneno

Floyd wanasema kwa Kiingereza chepesi: muda unavyopotea, fedha, kifo, kuchanganyikiwa. Mwanafunzi wa sekondari anaelewa.

Mashairi ya Crimson yaliandikwa na Peter Sinfield, ambaye hakupiga chombo kwenye albamu. Ni wafalme, vibaraka, hofu ya vita. Picha zinaeleweka hata kisa kisipofuatika. Yes walichukua fikra kutoka riwaya ya Siddhartha ya Hermann Hesse, lakini Anderson anachagua neno kwa mlio wake kama vile mtu achaguavyo kengele. Ukikaa na kamusi utapoteza jioni.

Genesis ni mafumbo, na hapa mpenzi wa taarabu atajisikia nyumbani kama Kiingereza chake kiko imara. Firth of Fifth ni mchezo juu ya jina la mlango wa bahari wa Scotland, Firth of Forth. Wimbo wa mwisho, mfupi, umefumwa kwa majina ya maduka makubwa ya Uingereza ya wakati ule, na muziki wake unarudia wimbo wa kwanza. Asiyejua maduka hayo anasikia sentensi za kawaida, anayejua anacheka. Ni nchi inayojitazama ikiuzwa kwa ratili, na jina la albamu ndilo linavyosema.

Jalada

Uso unaopiga kelele kwenye Crimson ulichorwa na Barry Godber, aliyefariki 1970, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Nje hamna jina la bendi wala la albamu, kwa hiyo usidhani nakala yako imefutika. Yes nayo huonekana kama imekosewa: nje ni rangi ya kijani tupu inayofifia kutoka giza, na jina la bendi kwa maandishi yaliyoviringana. Lifungue. Mchoro wa Roger Dean uko ndani, ziwa juu ya mlima, maji yakimwagika pembeni.

Floyd ilitoka na mabango mawili na stika mbili ndani. Zimekosekana? Ndivyo ilivyo kwa nakala nyingi, mabango yaliishia ukutani kwa vijana wa 1973. Genesis imechorwa na Betty Swanwick: mtu amelala kwenye benchi la bustani, na mashine ya kukatia majani iliongezwa kwa ombi la bendi. Ukiwa pwani, toa majalada haya nje ya makasha ya nailoni yanayobana. Unyevu ukinaswa ndani, ukungu unakula karatasi. Na santuri zenyewe zisimame wima, mbali na joto la bati. Zikilazwa kwa kurundikwa zinapinda.

Ipi kwa nani, na kwa siku gani

Kama hujawahi kusikia muziki huu na una jioni moja tu ya kuupa nafasi, Floyd inakubeba bila kukuuliza maswali. Inafaa pia ukiwa na wageni, na kwa spika ndogo. Anayetafuta wapigaji wanaotoka jasho anaweza kuiona laini mno, asijilazimishe.

Mpiga chombo, hasa saksafoni au dramu, aanze na Crimson upande wa kwanza, na asubiri hadi nyumba imetulia kabla ya kugusa wa pili. Inamfaa pia anayependa giza kidogo katika muziki. Kwa watoto wadogo sebuleni, wimbo wa kwanza si wa kuamshia.

Mpiga besi au gita asihangaike na ushauri mwingine: Yes, upande wa pili, mara mbili, ndipo ageuze. Inamfaa mwenye dakika 20 zisizokatizwa, hata kama ndizo pekee alizonazo kwa siku nzima. Simu ikiita katikati ya upande wa kwanza, rudisha sindano mwanzo.

Mpenda hadithi na Kiingereza cha mafumbo, mwenye sindano nzuri na muda wa kukaa karibu saa nzima, Genesis itamlipa kuliko nyingine. Mwenye mashine ya bei nafuu yenye sindano nzito aisikilize kwanza kwa njia nyingine, aihifadhi santuri ya mzee mpaka apate kifaa cha kufaa.

Kama mzee mwenyewe yupo, muulize ni upande upi uliokwaruzika zaidi kwa kupigwa, kisha uanze na huo.

Na kama sandukuni kuna Thick as a Brick ya Jethro Tull (1972), iweke ya tano. Ni wimbo mmoja tu wa pande mbili, unakatwa katikati ili ugeuze santuri, na jalada lake ni gazeti la kurasa 12 la kubuni, la kusomwa huku unasikiliza.